Bili ya Meza Mbili

Kabla sijaenda India nilikuwa najiona bingwa wa bili. Si kwa majivuno, ni kwa kazi yangu. Nina hoteli ndogo Nyarugusu, mabati juu, turubai ubavuni, mabenchi sita, na kwa miaka tisa nimewalisha wachimba dhahabu ugali, wali, maharage na nyama ya kuchemsha. Mtu anayewauzia wachimbaji chakula hujifunza mambo. Anajifunza kwamba duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, bei ya nyama hupanda yenyewe bila kusukumwa na mtu. Anajifunza kwamba mchuzi wa kwanza ni wa sahani, wa pili ni biashara. Kiti cha plastiki chenye mgongo nacho kwangu kilikuwa na bei yake, tofauti na benchi, ila hilo sikuliandika ubaoni kwa sababu ubao ulikuwa umejaa. Kwa hiyo watu waliponionya kwamba migahawa ya ng'ambo ina gharama za kificho, nilicheka. Nilijua kabisa nakwenda kukutana na watu wa fani yangu.

Safari yenyewe haikuwa ya kutembea. Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imeshamla jicho la kulia. La kushoto lilikuwa njiani. Daktari alituambia bila kuzunguka: hilo lililobaki likifanyiwa upasuaji mapema litaona, likicheleweshwa huyu mama ataongozwa kwa mkono mpaka mwisho wa maisha yake. Hospitali moja ya India ikakubali kumpokea, ukoo ukauza ng'ombe, na likabaki swali moja tu la nani ampeleke.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Shemeji yangu mkubwa hakuwa na pasipoti. Shemeji mdogo alikuwa nayo, lakini alikuwa kwenye duara ambalo lilikuwa linakaribia kutema, kama lilivyokuwa linakaribia kwa miaka mitatu mfululizo, na haikuwa busara kuliacha wakati ule. Mimi nilikuwa na pasipoti yenye muhuri mmoja wa Uganda, nilikokwenda kununua jiko la kuokea. Kikao kikaniteua kwa kauli moja. Nilipojaribu kukumbusha jambo ambalo kila mtu pale alilijua, wote wakaangalia chini kana kwamba wameangusha sindano.

Jambo lenyewe ni ukwe. Wenyewe wanauita bukwi, na kwa ukoo wa mke wangu bukwi si mchezo. Mkwe wa kiume hamwangalii mama mkwe usoni, hampi mkono, na zaidi ya yote hali mbele yake, naye mama hali mbele ya mkwe. Wala hawazungumzi habari za njaa na shibe. Mama akija nyumbani kwetu Ngokolo, ninakoiweka familia, mimi nakula sebuleni, yeye anakula chumba cha watoto, mlango umerudishwa. Tukikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa nilikuwa nazifahamu kanga zake kuliko uso wake. Na sasa watu wale wale walioilinda mila hiyo kwa meno ndio waliotukatia tiketi za viti viwili vilivyopakana.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Maganzo kwa rafiki yangu, dalali wa almasi, aliyewahi kufika India mara mbili. Alinipa semina nzima juu ya kikombe cha kahawa nilichomlipia mimi. Usinywe maji kabla hujauliza bei. Usipande ghorofani kwenye kiyoyozi, kwa sababu chakula ni kile kile ila kimepanda ngazi. Na chochote kitakachokuja mezani bila kuagizwa, rudisha. Akaniambia ni kama mawe ya pale Maganzo: jiwe hujaliulizia, mtu anakuwekea kiganjani, ukifunga vidole tu basi ushaanza kulinunua. "Ukishika umenunua," alisema. Niliondoka na maneno hayo kama mtu aliyepewa dawa.

Kwenye ndege mhudumu alileta sinia mbili. Mama akajifunika kanga uso mzima akageukia dirishani. Nikajifanya nimelala ili apate kula. Nilikoroma kidogo, kwa heshima, mpaka nikasikia kijiko kinagusa sahani. Yeye alipomaliza, nilibeba sinia yangu nikaenda kula nimesimama karibu na choo, na mhudumu akaniuliza mara mbili kama naumwa. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha kuagizia mafuta ya kupikia kwamba yule ni mama wa mke wangu. Alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Tulipofika tulichukua vyumba viwili katika nyumba ya wageni iliyo mkabala na hospitali. Kupika hairuhusiwi, maandishi mekundu yalikuwa kila ukuta. Maana yake kila mlo ulikuwa wa mgahawani, na mgahawani kuna meza.

Siku ya kwanza tulikuwa tumechoka, tukaingia pa karibu, na kwa kuwa chini palijaa tulielekezwa juu. Ndiyo, ghorofani, kwenye kiyoyozi. Sheria ya pili ya rafiki yangu nilikuwa nimeivunja kabla sijakaa. Nikaomba meza mbili. Mhudumu akatuangalia sisi wawili, akaangalia meza ya watu wanne, akadhani tumegombana. Nikamweka mama kwenye meza ya ukutani, ametazama ukuta, na mimi nikakaa meza ya nyuma, mgongo kwa mgongo. Kwetu hiyo ni adabu ya hali ya juu.

Tatizo la kukaa mgongo kwa mgongo ni kwamba huwezi kuona mwenzako anaingizwa mjini. Na kugeuka nisingeweza, maana nitamwona mkwe wangu anatafuna. Kwa hiyo nilibaki nafuatilia gharama kwa masikio. Nilisikia sahani inawekwa mbele yake, na ile ya kwangu ilipokuja nikajua ni nini: papadi, kitu cha duara, chembamba, kikavu, ambacho hatukukiagiza. Ya kwangu nikairudisha papo hapo. Nyuma yangu nikasikia kruu, kruu. Mama amelelewa kwamba chakula kilichowekwa mbele ya mgeni hakikataliwi, ni kumtukana mwenye nyumba, na alikuwa anamheshimu mwenye nyumba kwa bidii. Kisha nikasikia kizibo cha chupa ya maji kinafunguliwa. Kisha nikasikia maji yanachuruzika taratibu, kwa muda mrefu, juu ya bakuli. Mama mkwe wangu alikuwa ananawa mikono kwa maji ya chupa yenye bei ya bia mbili.

Zikaja bili mbili, kwa sababu meza ni mbili. Kila moja ilikuwa na kodi yake, na kila moja ilikuwa na asilimia ya huduma, yaani mimi nilikuwa nalipia huduma ya kuletewa nisichokiomba na tena huduma ya kukirudisha. Papadi niliyoikataa ilikuwa imo pia. Nilibishana kwa robo saa nzima, na mwisho papadi ikafutwa, huduma ikabaki. Nilitoka pale nimeumia, lakini ndani ya moyo nilikuwa na heshima kidogo kwa mwenye mgahawa ule. Kiti chenye mgongo, nilijiambia, huyu amekipandisha mpaka ghorofani.

Baada ya hapo nikawa mtu hatari. Nilitunga utaratibu. Mama anasimama mlangoni, mimi naingia kumhoji mwenye kaunta kama askari wa upelelezi. Maji ni ya jagi au ya chupa? Kodi iko ndani ya bei au nje? Huduma ni hiari au lazima? Meza mbili bei gani? Wakati mwingine walinijibu, wakati mwingine walimwita mtu mwingine aje anione. Tulipokaa, kila kilichonikaribia nilikizuia. Kuna mgahawa ambao mhudumu alipita na ndoo ndogo ya mchuzi akitaka kuniongezea, nikaifunika sahani kwa mikono yote miwili. Alipita mara tatu. Mchuzi ule ulikuwa wa bure, watu wa meza ya jirani walikuwa wanaongezewa mpaka wanakataa, lakini mimi najua mchuzi wa pili ni nini.

Na mwisho wa kila mlo waliniletea kibakuli chenye mbegu za kijani zinazonukia kama dawa ya meno, zimechanganywa na chembe kubwa za sukari zinazometameta. Ukiziona kwa mbali ungedhani ni mali ya Maganzo. Nilikuwa nazirudisha kabla hazijagusa meza. Hatujaagiza, nilikuwa nasema, na nilijifunza kulisema hilo kwa Kiingereza safi kuliko neno jingine lolote. Mhudumu mmoja alikaa akinitazama kwa huzuni, nami nikadhani ni kwa sababu amekosa mteja.

Hospitalini nako mambo yalikuwa na masharti yake. Daktari wa macho, mama mmoja mfupi asiyepoteza maneno, alisema hatagusa jicho mpaka sukari itulie asubuhi tatu mfululizo. Kila mchana kabla ya chakula nesi alimchoma mama sindano ya kushusha sukari, na alinieleza kwa maneno, kwa vidole na kwa karatasi: akishachomwa, ale ndani ya nusu saa. Asipokula, sukari itashuka kupita kiasi, ataanguka, na upasuaji utasogezwa mbele. Mbele wapi, niliuliza. Akasema kuna watu wengi kwenye orodha, na jicho lile halina wiki nyingi za kusubiri. Nilikunja karatasi ile nikaiweka kwenye mfuko wa shati. Asubuhi mbili za kwanza vipimo vilikuwa vizuri, na nikaanza kujipongeza.

Mchana wa siku ile ile ya pili, mama akiwa ameshachomwa sindano, tulikuta mgahawa tuliouzoea umefungwa kwa sikukuu yao. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeingia popote palipo na wali. Mimi niliingia wa kwanza nikauliza kuhusu maji, wakasema ni ya chupa tu, nikatoka. Wa pili walikuwa wamefungua ghorofani peke yake, kwenye kiyoyozi, nikawaambia mimi hiyo ngazi naifahamu. Jua lilikuwa kali, lile la kukukaa utosini. Mama alikuwa anafuata nyuma yangu hatua nne, kama adabu inavyotaka, mkono mmoja umegusa ukuta ili asijikwae. Mama mkwe hamwambii mkwe wake kwamba ana njaa, hata kama njaa hiyo imetoka kwenye bomba la sindano. Hilo nililijua vizuri. Nililijua miaka kumi na miwili.

Mgahawa wa tatu ulikuwa chini, feni zinazunguka, bei zimepakwa rangi ukutani, maji kwenye majagi ya bati. Palikuwa pazuri kiasi cha kutia shaka. Nikamwuliza mzee wa kaunta kuhusu kodi, akasema imo. Nikamwuliza kuhusu huduma, akasema haipo. Nikaomba meza mbili, na hapo akagoma. Alisema ni saa ya chakula, watu wanasubiri, wateja wawili hawawezi kukalia meza mbili. Nikaona sasa kificho chake kimejitokeza. Nikamwambia mimi pia nina hoteli, hizi mbinu nazijua, aseme tu anataka ngapi kwa meza ya pili. Akasema hataki kitu, meza hana. Nikasema kila meza ina bei. Nilikuwa nimeegemea kaunta kwa viwiko viwili na nilikuwa nashinda ule ubishi, naapa nilikuwa nashinda, mzee wa watu alipoacha kunitazama akatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye ngazi ya mlango. Kanga ilikuwa imeloa jasho shingoni, mikono inatetemeka mapajani kama ya mtu anayepepeta. Midomo ilikuwa inakwenda bila sauti. Nilimwangalia usoni, kwa mara ya kwanza, na uso ule ulikuwa na rangi ya majivu.

Mzee alizunguka kaunta haraka kuliko nilivyotarajia kwa umri wake, ameshika kibakuli. Ni kile kile cha mbegu na chembe za sukari. Nami, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukasema wenyewe: hatujaagiza hiyo. Ulishazoea. Mzee alinipita. Alipiga goti, akachambua zile chembe za sukari kwa vidole, akazitia kiganjani mwa mama, akamwonyesha mdomo wake. Mama akazila. Akamtilia nyingine, akazila. Mtu mmoja aliyekuwa akila akaleta glasi ya maji ya jagi, mwingine akasogeza kiti chake. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi ya nesi mfukoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku niliyokamatwa na mizani ya nyama iliyopinda.

Tulimwinua tukamketisha kwenye meza ndogo ya pembeni, iliyokuwa ya mzee mwenyewe ya kuhesabia. Wali na dengu vikaja bila mtu kuuliza. Nikageuka nikampa mama mgongo, nimesimama kati yake na watu, ili ale bila kuonwa na mkwe. Nikasubiri nisikie anakula. Sikusikia kitu.

"Kaa," alisema.

Nilidhani anaongea na mtu mwingine. Nikamjibu bila kugeuka kwamba mimi nitakula baadaye, yeye ale kwanza, tafadhali, ale haraka.

"Sitakula peke yangu mbele ya watu nisiowajua, na wewe umesimama hapo kama mgambo. Kaa hapa, baba. Tule."

Nikakaa. Meza ilikuwa ndogo kiasi kwamba magoti yalikaribiana, nikayavuta yangu chini ya kiti. Nilikodolea macho dengu kana kwamba zina maandishi. Niliona mikono yake tu, mikono ya kuchuma pamba, yenye mistari myeupe kwenye vidole, inafinyanga wali taratibu mpaka lile tetemeko likatulia. Mhudumu alipopita na ndoo ya mchuzi, mama akasogeza sahani mbele akaongezewa, akashukuru, "Wabeja." Yule mhudumu hakujua Kisukuma lakini aliinamisha kichwa.

Bili ilikuwa vile vile ilivyopakwa ukutani, hakuna zaidi. Nilimwuliza mzee zile mbegu na sukari ni kiasi gani, kwa siku zote, maana nilihisi nina deni na mji mzima. Akasema zile ni za kila mtu, hata za anayeingia kuuliza njia. Kwa hiyo hesabu yangu ya safari ilikuwa hivi: gharama za kificho nilizilipa, na vya bure nilivikataa kimoja baada ya kingine, kwa Kiingereza safi.

Daktari alinisema. Alinisema kwa dakika tano na sikutafuta mkalimani. Hesabu ya asubuhi tatu ikaanzishwa upya, na akaongeza kwamba ikivurugika tena, nafasi yetu itapewa mtu mwingine. Kuanzia hapo tukawa tunakula kwa yule mzee mchana na jioni, meza moja, mama akiingia kwanza na mimi nikifuata. Sikuuliza swali lolote kaunta. Asubuhi ya kwanza kipimo kilikuwa kizuri, ya pili kizuri, na ya tatu nilikaa kwenye benchi la hospitali nikiomba dua kwa lugha zote tatu ninazozijua. Kilikuwa kizuri.

Bendeji ilipotolewa, daktari alimwonyesha vidole akamwuliza ni vingapi. Mama akavitaja. Akamwuliza anaona nini kingine. Mama akaniambia nimwambie daktari kwamba kifungo cha pili cha koti lake kimekatika. Nikatafsiri, na yule mama asiyepoteza maneno akajitazama akacheka, nami nikatoka nje haraka nikajifanya natafuta choo, kwa sababu machozi yalikuwa yameshanitoka.

Nilirudi nyumbani nikitegemea shukrani. Sisemi kwamba nilitarajia ngoma, lakini mtu aliyempeleka mama India akamrudisha anaona, angalau soda ya baridi. Mama aliulizwa na ndugu zake safari ilikuwaje, na akasimulia yote kama yalivyokuwa, tangu papadi mpaka ile meza ndogo. Hakuficha kwamba tulikula pamoja. Siku iliyofuata nikaitwa.

Msemaji alikuwa baba mdogo wa mke wangu, karani mstaafu wa kununua pamba, mtu ambaye enzi zake aliweza kukata kilo nne kwenye gunia kwa ajili ya unyevu, siku ya jua la kiangazi. Alinishukuru kwa maneno mazuri sana. Kisha akanisomea faini: mbuzi mmoja aliyenona na kreti mbili za soda. Nikaomba mchanganuo, maana mimi ni mtu wa bili. Akanieleza bila haya. Mbuzi ni wa kula meza moja na mkwe. Kreti ya kwanza ni ya kumwangalia usoni pale mlangoni. Kreti ya pili ni ya kikao chenyewe, maana watu wameacha shughuli zao wakaja. Nilikaa pale nikikumbuka ghorofa yenye kiyoyozi, nikaona kumbe nilisafiri mbali bure. Huduma ilikuwa imejaa tele ukweni.

Niliwaambia mama alikuwa anakaribia kuzimia. Walikubali, wakasikitika, wakarudia bei. Wakaongeza kwamba faini hiyo ina faida yake: mbuzi huyo akishaliwa, kizuizi kimeondoka, mimi na mama tunaweza kula pamoja maisha yote bila kosa. Niliwajibu kwamba kule kwa wenzetu mtu huambiwa faida kabla ya kulipa. Wakacheka, hawakupunguza.

Jumamosi nilifika kijijini na kreti mbili nyuma ya pikipiki na pesa ya mbuzi mfukoni, nimekunja uso. Nikakuta mbuzi ameshachunwa. Nikadhani wamechukua wa mtu ili wanidai zaidi. Mke wangu, mtoto mchanga mgongoni, akanivuta pembeni akaniambia yule ni mbuzi wa mama. Ametoka zizini mwake, kati ya wale watano waliobaki baada ya ng'ombe kuuzwa, na ameagiza akamatwe alfajiri kabla sijafika. Nikatoa pesa nikampa mke wangu ampelekee. Akarudi nazo. Akasema mama ananiita, niingie ndani.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ugali na ini vikiwa kwenye sahani moja mbele yake, na kigoda cha pili kilikuwa tupu. Nilisalimia nikiangalia sakafu, kwa mazoea. Aliitikia, kisha akanyamaza mpaka nikalazimika kuinua uso. Jicho la kushoto lilikuwa limenitazama moja kwa moja. Lilichukua muda wake. Lilianza kwenye kipara, likashuka.

Nikamwambia, "Mama, faini ni yangu. Mimi ndiye niliyekaa."

"Wewe ulikaa kwa sababu nilikwambia kaa," alisema. "Na nilipokwambia, mbuzi nilikuwa nimeshamchagua. Huyu mwenye baka shingoni. Nilijua hawataacha kumdai."

Nilikuwa nimeuliza bei katika kila mlango wa mji ule, huku yeye akitetemeka nyuma yangu, haoni. Kumbe kati yetu wawili ni yeye peke yake aliyekaa mezani akijua atalipa nini.

Alisogeza sahani upande wangu. "Kula, baba. Linapoa."

Mke wangu akaleta jagi na beseni. Nikanawa, nikakaa kwenye kile kigoda, nikala nikimtazama.